Mitishamba na saratani ya utumbo mpana: maswali ninayoulizwa dukani Lamu

Duka langu la dawa liko kichochoro kimoja tu kutoka Usita wa Mui, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta anauza dawa za kisuna. Wateja wetu ni walewale. Mtu hutoka kwake na chupa imefungwa gazeti, huingia kwangu, huiweka juu ya kaunta na kuuliza kama itapatana na vidonge vyake vya presha. Siku hizi chupa nyingi zinazofika kwangu zimeandikwa saratani, na hasa saratani ya utumbo mpana. Nimeyaandika maswali kama yanavyoulizwa, na majibu kama ninavyoyatoa nikiwa sina foleni. Mimi ni mfamasia, si daktari wa saratani, kwa hiyo mengine nitakurudisha hospitali.

Kuna mmea uliothibitishwa kuzuia saratani ya utumbo mpana?

Hakuna. Nalisema hili mapema ili asiyekuwa na muda aendelee na safari yake.

Kilichopo ni mimea mingi iliyofanya vizuri kwenye sahani za maabara, michache iliyofanya vizuri kwa panya, na michache zaidi iliyojaribiwa kwa watu, tena watu wachache kwa muda mfupi. Ukisikia redioni kwamba "mmea fulani unaua seli za saratani", uliza kwanza: wapi? Seli zilizolala kwenye sahani hufa kwa vitu vingi. Hata Jik huziua. Swali gumu ni kama kitu hicho kikimezwa, kikapita tumboni na kwenye ini, kitafika kwenye utumbo kwa kiasi cha kutosha, na kitaiacha salama sehemu nyingine ya mwili.

Kwani saratani hii huanzaje hata mtu afikirie kuizuia?

Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Vingi vya vinyama hivyo havifiki popote. Vichache hubadilika taratibu, na kutoka kinyama hadi saratani inaweza kupita miaka kumi hivi. Huo muda ndio unaowapa watafiti tamaa: wakipata kitu cha kukipunguza kinyama au kukizuia kisiote, watakuwa wameiwahi saratani kabla haijazaliwa. Huo muda huohuo ndio unaomwezesha daktari kupitisha kamera na kukikata kinyama papo hapo, na njia hii ya pili inajulikana kuwa inafanya kazi.

Ugonjwa wenyewe si wa Wazungu peke yao. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020, watu zaidi ya milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nao na zaidi ya 930,000 walifariki. Kwa wingi ni saratani ya tatu duniani, kwa vifo ni ya pili.

Dondoo la mmea ni nini? Si ni mmea uleule?

La. Dondoo ni kile kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea, makapi yakatupwa. Na kinachotoka kinategemea umekamua kwa nini. Chemsha majani kwa maji, utapata vitu fulani. Yaloweke kwenye spiriti, utapata vingine. Yakamue kwa mafuta, vingine tena. Bibi yangu alikuwa akichemsha mai ya mwarobaini, nasi tukinywa huku tumeziba pua. Kidonge cha mwarobaini kilichotoka kiwandani ni kitu kingine kabisa, ingawa picha ya jani ni ileile.

Pia kuna jambo la kiasi. Mwaka 1994 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya jaribio la wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara. Ilijulikana kwamba watu wanaokula karoti na mboga kwa wingi hupata saratani ya mapafu kidogo zaidi, basi wakachukua beta-karotini, ile rangi ya karoti, wakaitia kwenye kidonge. Waliomeza kidonge walipata saratani ya mapafu kwa 18% *zaidi*. Karoti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kitu kizuri ndani ya chakula kitabaki kizuri kikitolewa peke yake na kuongezwa. Kila ninapoona chupa iliyoandikwa "nguvu mara kumi" nawakumbuka hao Wafini.

Manjano je? Kila mtu anasema manjano.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu manjano ndiyo yaliyochunguzwa kuliko mengine yote na hadithi yake ina mafunzo.

Kinachotakiwa ndani ya manjano kinaitwa kakumini, ndicho kinachotia rangi vidole na mwiko. Ina sifa moja ya ajabu: mwili hauinyonyi vizuri. Kwa magonjwa mengine hiyo ni kasoro, lakini kwa utumbo mpana watafiti waliiona kama bahati, kwa kuwa kisichonyonywa juu huteremka chini na kugusana na ukuta wa utumbo wenyewe.

Mwaka 2006 lilichapishwa jaribio la watu watano wenye ugonjwa wa kurithi unaojaza utumbo vinyama kwa mamia. Walipewa kakumini pamoja na dawa nyingine ya mimea iitwayo kwesetini kwa miezi sita, na idadi ya vinyama ikashuka kwa takriban 60%. Mwaka 2011 wavutaji sigara walipewa gramu 4 za kakumini kila siku kwa siku thelathini, na vile vidoa vinavyotangulia vinyama vikapungua kwa 40%. Waliopewa gramu 2 hawakubadilika. Unaona namna habari njema zinavyoanza. Magazeti yalizichukua, na wauza chupa pia wakazichukua.

Kisha mwaka 2018 yakatoka matokeo ya jaribio lililopangwa barabara zaidi. Wagonjwa 44 wa ugonjwa uleule wa kurithi waligawanywa, nusu wakapewa gramu 3 za kakumini kwa siku, nusu kidonge kitupu, kwa miezi kumi na miwili. Hakukuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Na aliyeliongoza jaribio hili alikuwa miongoni mwa walewale waliofanya lile la watu watano, na nampa heshima yake kwa kulichapisha. Habari hii ya pili sijaiona kwenye lebo ya chupa yoyote.

Lakini mimi hutia manjano kwenye mchuzi kila siku. Hayanisaidii kitu?

Tia, mama. Mchuzi bila manjano utakuwaje? Ila tufanye hesabu. Siku moja niliweka kijiko cha chai cha manjano kwenye mizani yangu ya kupimia dawa, kikaja gramu 3 na chenga. Kakumini ndani ya manjano ni kama 3% tu ya uzito. Kwa hiyo kijiko kizima kina kama miligramu 90. Ili ufikie zile gramu 4 za wavutaji sigara, utahitaji vijiko arobaini na vinne kwa siku. Hiyo sufuria hata paka wa Mkunguni hawataigusa.

Nunua manjano mazima ukasage mwenyewe ukiweza. Kuna nchi, Bangladesh ikiwa mojawapo, ambako wachuuzi walikutwa wakiyatia rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae.

Nimeambiwa nichanganye na pilipili manga ili yashike.

Aliyekwambia hakudanganya. Utafiti uliofanywa India mwaka 1998 ulionyesha kwamba miligramu 20 za kiini cha pilipili manga zilipandisha kakumini kwenye damu karibu mara 20. Sasa fikiria: mlango uliofunguliwa kwa kakumini hufunguka pia kwa dawa zako nyingine. Pilipili manga ya kwenye pilau haina neno. Vidonge vya kakumini iliyochanganywa na kiini cha pilipili manga ndivyo vinavyonitia wasiwasi, hasa kwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda au za kifafa. Vidonge vya manjano vimehusishwa pia na homa ya ini. Italia ilitoa tahadhari mwaka 2019 baada ya wagonjwa kadhaa kupata manjano ya macho yasiyotokana na mchuzi.

Habasoda ni dawa ya kila kitu isipokuwa mauti. Utapinga hadithi ya Mtume?

Siipingi, na habasoda iko jikoni kwangu. Nitasema la upande wangu tu. Kiini chake, thaimokwinoni, kimepunguza uvimbe wa utumbo kwa panya katika majaribio kadhaa. Jaribio kubwa la watu lililoonyesha kwamba anayekula habasoda hapati saratani ya utumbo halijafanyika. Maalim mmoja aliyekuja dukani aliniambia jambo nikalipenda: kwamba kuambiwa kuna shifaa ndani ya punje hakukuambii kipimo, wala hakukukatazi kwenda kwa tabibu. Sina la kuongeza.

Mwarobaini na mlonge?

Yote miwili iko katika hatua ya sahani na panya. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, yapike. Mwarobaini una uchungu wa haki yake, na watu wazima wamekunywa maji ya majani yake miaka na miaka, lakini *mafuta* ya mbegu zake usimpe mtoto mchanga hata tone: watoto wamepata degedege na kuharibika ini, na wengine wamekufa.

Mimi husafisha tumbo kwa shubiri kila mwezi ili sumu isikae ikaleta saratani.

Hili ndilo swali ambalo jibu lake huwakasirisha watu.

Shubiri, yaani yale maji ya manjano machungu yanayotoka chini ya ganda la jani, ni dawa kali ya kuendesha. Serikali ya Marekani iliwapa panya maji yenye dondoo la jani zima la mshubiri, pamoja na hayo maji machungu, kwa miaka miwili. Panya wa kiume na wa kike wakaota uvimbe kwenye utumbo mpana, na mwingine ulikuwa saratani. Baada ya hapo shirika la utafiti wa saratani la Lyon, Ufaransa, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, likaliweka dondoo la jani zima katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kumbuka neno "huenda": ni panya, si watu. Lakini unakunywa kitu kwa ajili ya kuzuia ugonjwa uleule ambao kimewapa panya. Ute mweupe wa ndani uliosafishwa ni jambo jingine, na kupaka kwenye ngozi iliyoungua ni jambo jingine kabisa.

Sanamaki haikukutwa na hatia hiyo. Ukiizoea sana huugeuza utumbo rangi ya kahawia, madaktari wa kamera huuona na kutikisa kichwa, lakini haijathibitika kwamba huleta saratani. Hata hivyo ni dawa ya siku chache za kufunga choo, haikukusudiwa kuwa ada ya kila mwezi. Na ile "sumu" inayokaa tumboni, mimi sijawahi kuonyeshwa.

Si hata dawa za hospitali zinatoka kwenye miti?

Zinatoka, na nafurahi ukiuliza. Mojawapo ya dawa za kemo za utumbo mpana, irinotekani, chanzo chake ni mti wa China. Mwaka 1966 Monroe Wall na Mansukh Wani, wakifanya kazi Marekani, walitoa kwenye mti huo kemikali iitwayo kamptothesini. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa ikawadhuru kibofu na kuwaharisha vibaya, ikawekwa kando. Wajapani wakaichukua, wakaibadilisha umbo, na mwaka 1996 Marekani ikaikubali kutibu saratani ya utumbo mpana. Miaka thelathini kutoka gome hadi dripu! Na kile kiua cha rangi ya waridi kinachojiotea mchangani na kando ya makaburi hapa pwani, asili yake Bukini, yaani Madagaska, kimetoa vinkristini inayotibu saratani ya damu ya watoto.

Lakini angalia: hizo ni dawa za kutibu, zinapimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili, na bado zinamng'oa mtu nywele. Mtu akichemsha kile kiua nyumbani hatapata dawa, atapata sumu isiyo na kipimo.

Basi nile nini?

Mbaazi. Sitanii.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, alishangaa kwa nini wagonjwa wake Waafrika hawapati saratani ya utumbo kama Waingereza. Mwaka 1971 akaandika kwamba huenda sababu ni nyuzinyuzi za chakula, yale makapi ya nafaka, mboga na kunde ambayo tumbo haliyasagi. Hakuwa sahihi kwa kila kitu, lakini hoja yake haikufa. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja mwaka 2011 zilionyesha kwamba kila gramu 10 za nyuzinyuzi kwa siku ziliandamana na hatari pungufu kwa takriban 10%. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina kama gramu 11.

Mwaka 2015 lilichapishwa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Wamarekani weusi ishirini wa Pittsburgh na watu ishirini wa mashambani Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa majuma mawili. Wamarekani wakala unga wa mahindi, maharagwe na mboga, nyuzinyuzi zikapanda kutoka gramu 14 hadi 55. Waafrika wakala soseji na baga, zikashuka kutoka 66 hadi 12. Wiki mbili tu zilitosha ukuta wa utumbo kubadilika: dalili za uvimbe na za seli kuzaana haraka zikapungua kwa Wamarekani, zikapanda kwa wale wengine. Bakteria wa utumboni wanapokula nyuzinyuzi hutengeneza asidi iitwayo butireti, na hiyo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo.

Kwa hiyo mbaazi za nazi asubuhi ni kifungua kinywa cha kisayansi. Mahamri yanayozisindikiza nitayanyamazia. Ongeza kunde, mchicha, muhogo, mtama ukipata. Punguza soseji na nyama za kopo: lile shirika la Lyon lilizitia mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani, na gramu 50 kwa siku, yaani soseji moja, huongeza hatari kwa 18% hivi. Sigara na pombe pia zimo. Samaki hana kesi.

Ndizi mbichi?

Wanga mgumu wa aina iliyomo ndani yake, ingawa wenyewe ulitoka kwenye mahindi, ulijaribiwa kwa watu wenye urithi wa saratani hii, gramu 30 kila siku kwa miaka kadhaa. Saratani ya utumbo mpana haikupungua. Saratani nyingine, hasa za sehemu za juu za tumbo, zilipungua, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Katika jaribio hilohilo asprini ndiyo iliyopunguza saratani ya utumbo mpana, lakini usianze kumeza asprini kwa sababu umesoma hapa, hutoboa tumbo.

Nikiona damu kwenye choo, si ni bawasiri tu?

Mara nyingi ni bawasiri. Ami yangu naye alikuwa na bawasiri, kweli kabisa. Alikuja dukani akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, akaniomba mafuta ya kupaka, nikampa, nikampunguzia bei na tukazungumza habari za mashua. Sikumuuliza imeanza lini. Baadaye akahamia kwenye dawa nyeusi aliyoletewa kutoka bara, ikiwa imetiwa kwenye chupa kuukuu ya marashi, akainywa miezi minane. Alipoanza kukondoka na kuhema akipanda ngazi, damu yake ilikuwa imepungua vibaya. Kamera ilipopitishwa Mombasa walikuta bawasiri, na juu zaidi wakakuta uvimbe. Leo ana mfuko ubavuni na bado hushona tanga, lakini ile miezi minane, na ule mchana kaunta yangu, siwezi kuvirudisha.

Damu, choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki tatu, kukonda bila sababu, au kuambiwa una upungufu wa damu na wewe ni mwanamume au mwanamke aliyekoma hedhi: nenda upimwe. Kama huna dalili lakini umefika miaka 45, uliza kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo. Ni kijichupa tu, hakina maumivu. Kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliugua, anza ukiwa na 40, au miaka kumi kabla ya umri aliougua yeye, ipi itangulie.

Niko kwenye kemo. Niendelee na chupa yangu?

Acha kwanza, kisha mwambie daktari hata kama atanuna. Mmea mmoja wa Ulaya unaonywewa kutuliza huzuni ulionekana kuishusha irinotekani inayofanya kazi kwenye damu kwa zaidi ya 40%. Mgonjwa alidhani anajisaidia, kumbe anaitoa dawa yake mwilini. Na ukiwa kwenye dawa zinazoharisha, sanamaki au shubiri juu yake ni kutafuta drip.

Nimepangiwa kamera Mombasa. Naweza kuendelea na habasoda asubuhi?

Simamisha siku chache kabla. Vipunje vidogo hubaki kwenye mikunjo ya utumbo na kuziba tundu la mashine, kama mbegu za tikiti na za pera. Vidonge vya madini ya chuma navyo hugeuza kila kitu kuwa cheusi, uliza uviache lini. Siku ya kuamkia kipimo ni vimiminika vyepesi vinavyopitisha mwanga tu: maji, chai ya rangi bila maziwa, dafu lililochujwa nyama. Juisi ya ukwaju subiri urudi. Na ile dawa ya kusafisha tumbo usianze kuinywa huku, hata kama karatasi inasema saa ngapi. Lala Mombasa usiku mmoja kabla, uinywe huko karibu na choo. Kutoka Mokowe basi halisimami kila mtu anapoinua mkono.